Mama Viti Alidai

Viti na Mahema, nyuma ya kituo cha mafuta
Jumatatu, 3 Juni

Kwa Mhariri wa Habari za Siasa,

Jumamosi tarehe mosi Juni, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, nilipoteza watu elfu moja na mia mbili. Hawakufa wala hawakuhama mji. Nilikuwa nao uwanja wa shule, nawaona kwa macho yangu mawili, wengi wakinipigia makofi na wachache wakinizomea, maana mkutano usio na wa kuzomea ni kikao cha ukoo. Jumapili asubuhi nikafungua gazeti lako ukurasa wa tano, hawapo. Viti vipo, watu hakuna. Chini ya picha mmeandika: "Viti vikisubiri watu katika mkutano wa mgombea udiwani wa chama cha Ngazi, jana."

Viti hivyo ni vyangu. Mji mzima unajua nani anakodisha viti hapa. Nilianza na viti kumi na viwili, vitatu vikiwa na mguu mbovu, na leo nina lori. Jumamosi nilishusha viti mia tisa, vikajaa vyote, na waliokosa wakajipanga kwenye ukuta wa madarasa, kama watu mia tatu hivi. Wa ukutani nakubali nimekadiria. Wa kwenye viti usibishane nami.

Sasa tuache hesabu, tuangalie picha. Kila mstari, kiti cha mwisho kimelazwa kifudifudi. Mpigapicha wenu hajui maana yake. Mhariri Mkuu wenu hajui. Wewe unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyebuni. Ulikuwa darasa la sita, wapakizi wanahesabu mstari mmoja mara mbili na kuruka mwingine, tukirudi nyumbani viti haviko sawa na tunagombana. Ukasema, "Dada, mstari ukishahesabiwa, tulaze kiti cha mwisho." Tunafanya hivyo mpaka leo. Hakuna kiti kinacholazwa kabla watu hawajaondoka. Picha hiyo ilipigwa mkutano umekwisha, tunapakia.

Mtu mwingine angedanganyika. Wewe huwezi.

Jana jioni wanawake watatu wa sokoni walinifuata. Wanasema wananitaka, lakini hawataki kura zao ziende kwa mtu asiye na watu. Gazeti wameliona. Ndivyo picha moja inavyofanya kazi, na kura ni Jumapili tarehe ishirini na tatu.

Naomba mrekebishe. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu huipokei. Dereva wangu wa lori ataiacha barua getini.

Mgombea udiwani, chama cha Ngazi
(na dada yako, kama bado)
Mama Viti


Chumba cha Habari
Jumatano, 5 Juni

Mheshimiwa Mgombea,

Tunakiri kupokea barua yako ya tarehe tatu mwezi huu, na tunakushukuru kwa kuendelea kulisoma gazeti letu.

Gazeti letu huandika habari za vyama vyote kwa usawa. Picha uliyoitaja ilipigwa na mpigapicha wetu uwanjani siku ya tukio, na haikuongezwa wala kubadilishwa kitu. Hata hivyo, malalamiko yako yamefikishwa kwenye ngazi husika na yatafanyiwa kazi kwa mujibu wa taratibu.

Tunakutakia kampeni njema.

Mhariri wa Habari za Siasa


Viti na Mahema
Alhamisi, 6 Juni

Mdogo wangu,

"Ngazi husika." Nimecheka peke yangu ofisini mpaka fundi wa mahema akaja kuchungulia. Mimi ndiye mgombea wa Ngazi, na Ngazi inayohusika ni mimi. Malalamiko yangu yamefikishwa kwangu.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Najua "haikuongezwa kitu" maana yake nini. Sikusema mmeongeza. Nasema mmepunguza.

Na kwa kuwa umenijibu kama mwenye ofisi, na mimi nimefanya kazi kama mwenye ofisi. Nimekaa na magazeti yenu ya wiki mbili na kalamu nyekundu. Mgombea wa chama cha Mwavuli alisema, alieleza, alifafanua, aliahidi, alisisitiza, na mahali pamoja alibainisha, sijui kitu gani maana sentensi iliishia hapo. Hakudai hata mara moja. Mimi nimedai mara ishirini na mbili na kulalamika mara sita. "Alisema" nimepewa moja tu, siku niliposema samahani kwa kuchelewa.

Nilisema mtaro wa soko umeziba tangu mwaka jana. Mkaandika nadai umeziba. Kutoka dawati lako mpaka huo mtaro hata jasho halikutoki. Ungeenda ukaunusa, kisha ukarudi ukaandika vizuri: "Pua ya mhariri nayo inadai."

Tena mmeandika, "mgombea huyo, anayedai kufahamika kwa jina la Mama Viti." Yaani hata jina langu nalidai! Mji mzima unaniita hivyo, na wa kwanza kuniita hivyo ni wewe, siku nilipokufukuza na fagio kwa kuruka juu ya viti vilivyooshwa.

Mwavuli nao walifanya mkutano uwanja huohuo wiki moja kabla yangu. Viti walikodi kwangu, mia sita, maana biashara sikatai na hela ya Mwavuli haina mvua. Mia na kumi vilirudi vimefungwa kamba zangu zilezile, fundo langu lilelile. Gazeti likasema "Mafuriko ya Watu." Ningejua kuna mafuriko ningepeleka mitumbwi.

Jambo la mwisho. Mama macho yake sasa hayasomi, unajua, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea gazeti lako kila Jumapili, tangu jina lako lilipoanza kutoka. Nilimsomea na huo ukurasa wa tano. Sikumwambia nani ndiye mhariri wake. Akaniuliza, "Huyu aliyeandika hivi hana ndugu?"

Nikamwambia anaye.

Dada yako,
Mama Viti


Nyumbani
Jumamosi, 8 Juni

Dada,

Nakuandikia nyumbani kwangu, kwa mkono, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Ile ya kwanza nilikujibu vile kwa sababu barua zinazoingia chumba cha habari zinapita meza tatu kabla ya yangu, na zinazotoka vivyo hivyo. Simu sipokei kwa sababu hiyohiyo. Tunakaa wanane chumba kimoja, masikio kumi na sita.

Hakuna anayejua kwamba wewe ni dada yangu. Naomba ulisome hilo polepole kabla hujakasirika. Wakijua, nitatolewa dawati la siasa siku hiyohiyo, na atakayekaa kwenye kiti changu ni yule kijana wa michezo ambaye baba yake ni mweka hazina wa Mwavuli. Hapo ndipo utakapojua kuandikwa vibaya ni kitu gani.

Hujui kinachopita hapa. Ile picha ilikuwa imepangiwa ukurasa wa kwanza, na rangi, na kichwa cha habari kikubwa kuliko kichwa changu. Mimi ndiye niliyeisukuma mpaka ukurasa wa tano, nyeusi na nyeupe, chini, karibu na tangazo la magodoro. Nimekuwa nikikukinga kwa namna ninayoweza.

Kuhusu "alidai": huo ni mtindo wa gazeti. Tunalitumia kwa jambo ambalo hatujalithibitisha wenyewe.

Nakushauri kama ndugu. Usigombane na gazeti wiki mbili kabla ya kura. Fanya mkutano mwingine, mzuri zaidi, mapema, jua likiwa bado kali, nami nitahakikisha mpigapicha anafika kwa wakati. Tupatie kitu ambacho hakuna anayeweza kukikata.

Mama mwambie namsalimu. Usimwambie mengine.

Mdogo wako


Viti na Mahema
Jumanne, 11 Juni

Kigoda,

Ulinishauri, nikasikia. Juzi Jumapili nilifanya mkutano saa nane mchana, jua la kukaanga kichwa. Nikafikiri: wanapenda kupiga picha viti vitupu, basi leo viti havipo. Sikupeleka hata kimoja. Watu walisimama saa nzima na nusu, bega kwa bega, kuanzia jukwaani mpaka kwenye geti la shule. Mpigapicha wenu alifika kwa wakati, hapo sikulaumu, tena alipanda juu ya lori langu ili apate picha nzuri na nikamshikia begi lake.

Leo nimefungua gazeti. Picha hakuna. Kuna kichwa cha habari:

MAMA VITI AISHIWA VITI
Wafuasi wateseka juani

Mwandishi wako anasema, "hali iliyozua maswali iwapo mgombea huyo ataweza kuongoza kata endapo anashindwa kusimamia biashara yake." Maswali yamezuka wapi? Nani aliuliza? Mimi nilikuwepo, na swali pekee lililozuka ni la mzee mmoja aliyetaka kujua nani kamkanyaga.

Lakini angalau jina nimelipata bila kulidai.

Halafu nikashuka chini kabisa ya ukurasa wa pili, kwenye maandishi ya ukubwa wa sisimizi, nikakuta hiki, nakuandikia kama kilivyo usije ukasema nadai: "MASAHIHISHO. Katika habari ya mkutano wa chama cha Ngazi toleo la Juni 2, tuliandika kwamba viti vilikuwa vya bluu. Viti hivyo ni vya kijani. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Mmenisahihishia rangi! Watu elfu moja na mia mbili mmewafuta, kisha mnaniomba radhi kwa ajili ya rangi ya viti, kwenye picha isiyo na rangi. Nimemsomea Mama. Amecheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Unasema unanikinga. Umenitoa ukurasa wa kwanza ukanizika ukurasa wa tano karibu na magodoro, na unataka nikushukuru kwamba kaburi ni laini. Unasema "alidai" ni la jambo msilolithibitisha wenyewe. Haya, viti vya kijani mlivithibitisha vipi? Nani hapo chumbani, kati ya hao wanane, anajua viti vyangu ni vya kijani?

Jibu unalo. Nami ninalo.

Mama Viti


Nyumbani
Alhamisi, 13 Juni

Dada,

Hiyo ya rangi niliipigania siku mbili.

Najua inavyoonekana. Lakini nilikwenda kwa Mhariri Mkuu nikitaka masahihisho ya picha nzima, tukabishana, akasema gazeti hili halirekebishi picha katikati ya kampeni kwa sababu ni kujipaka matope. Nikapunguza. Nikaomba maelezo ya picha yabadilishwe. Akakataa. Nikapunguza tena. Mwisho nikamwambia, angalau rangi, rangi ni kosa la wazi. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Haya, chukua rangi." Nilitoka mle nikiwa na furaha, Dada. Ndipo ujue nimefika wapi.

Nikiandika kuhusu wewe naandika "alisema." Jioni mimi ndiye ninayeupeleka ukurasa kwake. Asubuhi nakuta "alidai." Siku hizi naandika "alidai" mwenyewe, kumpunguzia kazi.

Na vile viti nilikuwa nimeviona. Dakika ileile picha ilipofunguka kwenye kompyuta, kabla sijaona kitu kingine, niliona vya mwisho vimelazwa. Maelezo ya chini ya picha yakaletwa yameshaandikwa. Nikayapitisha.

Nimekuletea kitu ndani ya bahasha hii. Ndiyo picha kamili, kabla haijakatwa. Lori lako liko kushoto, limeshapakiwa nusu. Kulia ni geti, na watu wako wanatoka, inaonekana migongo tu, wamejaa barabara mpaka kwenye kona. Ukiiangalia vizuri utajiona wewe mwenyewe, umebeba viti vinne mkono mmoja na hotuba mkono wa pili.

Ipeleke kwa lile gazeti la upande wenu. Wataitoa kesho yake. Ila tafadhali usiseme imetoka wapi. Na barua usilete tena getini, maana mlinzi ameanza kuniuliza huyu Mama Viti ni nani wangu. Nikamwambia ni msomaji.

Mdogo wako,
Kigoda


Viti na Mahema
Jumatatu, 17 Juni

Kigoda, mdogo wangu,

Picha nimeipata. Nairudisha, imo ndani ya bahasha hii, usiikunje.

Kwanza nikwambie habari za hilo "gazeti la upande wetu." Mwandishi wao alikuja Ijumaa hata kabla sijaamua, amevaa tabasamu la muuza saa. Akasema wameshaandika. Nikamwambia nisomee. Akasoma: "Bahari ya watu elfu kumi yamfunika Mama Viti." Nikamuuliza elfu kumi umewatoa wapi, uwanja ule ukiwapanga kama sabuni kwenye boksi hawafiki elfu tatu. Akacheka, akasema, "Mama, sisi tuko upande wako, acha tutie chumvi kidogo." Kidogo! Amenitilia watu elfu nane na mia nane ambao sijawahi kuwaona, na siku wakinidai mtaro nitawatoa wapi? Nikamwambia abadilishe. Jumamosi ikatoka vilevile, elfu kumi. Nimewaandikia na wao barua, kali kuliko zako.

Ukimwona mwenyekiti wa chama changu muulize. Ameninunia. Anasema mgombea gani anakataa watu. Nikamwambia nimekataa wa bure tu.

Kwa hiyo picha hii kwao haiendi. Wakiitoa wao, kesho yake nyinyi mtaandika kwamba chama cha Ngazi "kinadai" ilikatwa, na mtu wa sokoni atasema hawa wana lao na wale wana lao. Watu wangu walipotelea kwenye gazeti lako. Nawataka warudi kwenye gazeti lako, ukurasa uleule wa tano, upana uleule, picha nzima na migongo yao. Karibu na magodoro sina neno.

Sasa nikusaidie kazi. Sentensi hizi hapa, mbili tu, hazihitaji meza tatu:

"Picha tuliyochapisha Juni 2 ilipigwa baada ya mkutano wa chama cha Ngazi kumalizika. Hii ni picha kamili, watu wakiondoka."

Sitaki uandike elfu moja na mia mbili. Sitaki uandike "umati" wala "bahari." Usinipigie kampeni, nina mdomo wangu. Chini yake weka jina lako. La kwako, siyo "Mhariri." Mhariri hakuwahi kulaza kiti.

Umesema ukurasa unaupeleka wewe kwa Mhariri Mkuu. Basi ukurasa unapita mikononi mwako kabla ya mikono yake. Siku ukitaka kupita meza moja bila kupunguza, unaweza. Uliponiandikia, "Nikapunguza. Nikapunguza tena," niliisoma mara nyingi, na kila mara nilikuwa naona wewe mtoto, unabeba viti sita ili kuonyesha ubabe, unadondosha kimoja njiani, unadondosha cha pili, unafika kwenye lori na kimoja na kujifuta jasho kama shujaa. Wakati ule nilicheka. Ulikuwa mdogo.

Najua unachoogopa. Sitakuambia hawatakufukuza, pengine watakufukuza. Ukimwaga unga, kuna lori hapa na kuna msimamizi wa wapakizi anaondoka mwisho wa mwezi. Usilichukue kama huruma. Ni kazi, ina kuamka mapema, na nitakugombeza kama ninavyomgombeza yeye. Ila jioni ukimaliza, ulichohesabu kinabaki kama ulivyokihesabu.

Mama nimemwambia. Yote. Ulisema nisimwambie, na mimi nimechoka kuficha kwa niaba ya watu wenye meza zao. Hakulia, kama unauliza. Alisema nimsomee barua yako ya mwisho, nikamsomea, pale pa "nilikuwa nimeviona" akaniambia nirudie. Kisha akasema, "Basi anajua kuandika ukweli. Amuandikie na mwingine asiyekuwa dada yake."

Kura ni Jumapili. Nishinde nisishinde, Jumatatu nitaamka, nitafungua ofisi, na mtaro wa soko bado utakuwa unanuka. Wale wanawake watatu wameniambia watasubiri waone. Nikawauliza waone nini. Wakasema, "Gazeti." Kwa hiyo hata wao wanakusubiri wewe, bwana mdogo, ingawa hawakujui.

Ukurasa wa tano wa Ijumaa unafungwa Alhamisi saa kumi jioni, hilo ulinifundisha mwenyewe ulipoajiriwa, ulikuwa unatusimulia kila kitu. Dereva atakuwa getini kwenu kuanzia saa tisa, na lori, na ubavuni limeandikwa jina langu kwa herufi zinazosomeka kutoka dirisha la chumba chenu. Mlinzi akikuuliza tena mimi ni nani wako, mjibu. Hilo nalo ni neno moja.

Sitaki "ngazi husika." Sitaki "nakuelewa Dada." Sitaki barua. Chukua karatasi, andika NDIYO au andika HAPANA, mpe dereva mkononi kabla ya saa kumi.

Na siku utakapoandika habari hii, kwa gazeti lolote lile, usijisumbue kutafuta kitenzi. Safari hii mlichoandika ni sahihi: nadai.

Dada yako,
Mama Viti